Kabla hujairuti simu: Maswali ya wanaoanza kutoka meza ya fundi wa Bugarama

Na Mwandishi Wetu, Bugarama

SIMU ilikuwa imefungwa kwa mpira kwa sababu mfuniko wake wa nyuma ulishapotea. Mama aliyeileta, muuzaji wa ndagala na mafuta ya mawese, aliiweka juu ya meza ya fundi taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Mwanangu, WhatsApp imenikatalia," alisema. "Inasema simu imezeeka, nitafute nyingine."

Kabla fundi hajajibu, kijana aliyefuatana naye, mtoto wa kaka yake anayesoma sekondari, aliingilia kati. "Shangazi, si nilikwambia? Airuti tu. Akishairuti anaitia Android mpya, na WhatsApp inarudi."

Fundi alitabasamu, akafuta kioo cha simu kwa kitambaa. "Mdogo wangu, umetaja mambo matatu kana kwamba ni moja. Tutayatenganisha. Lakini kwanza nimuulize mama: ndani ya simu hii kuna nini ambacho hutaki kipotee?"

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema kuna picha za daftari la madeni, na kuna sauti za marehemu mumewe. Mzee huyo alikuwa akisafirisha samaki kwenda Bujumbura, na kila alipofika sokoni alikuwa akimtumia mkewe ujumbe wa sauti. Alifariki dunia, na sauti zake zimebaki humo.

"Basi tusiharakishe," fundi alisema, akaiweka simu kando bila hata kuifungua.

Msomaji asije akachanganya. Bugarama ninayoisema si ile ya Muramvya, kwenye njia panda ya barabara za Kayanza na Gitega, ambako abiria hununua mboga na matunda. Wala si ile ya Rusizi nchini Rwanda. Hii ni Bugarama ya Rumonge, upande wa Ziwa Tanganyika, eneo lililokuwa ndani ya mkoa wa Rumonge tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2015 hadi Burundi ilipopunguza mikoa yake kutoka 18 kuwa mitano mwaka 2025. Huku simu si pambo. Mchuuzi anaulizia bei ya Bujumbura kabla gari halijaondoka, na mwenye ndugu Kigoma au Uvira anamsalimia kwa WhatsApp kwa sababu kumpigia nje ya nchi ni gharama.

Simu zenyewe ni wasafiri kama watu. Moja inanunuliwa Dubai, inatumika Dar es Salaam, inauzwa mtumba Kigoma, na inafika pwani ya Burundi ikiwa na mmiliki wa tatu au wa nne. Ikifika hapo mfumo wake umekwisha kuzeeka, na ndipo neno "kuruti" linapoanza kusikika.

Nilikaa kwenye benchi la kibanda kile karibu nusu siku. Maswali waliyouliza vijana yalikuwa yale yale niliyokuwa nikiyauliza mimi nilipokuwa chuoni, kabla sijaiua simu yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake.

Kuruti ni kufanya nini hasa?

Neno hili limetoka kwenye mifumo ya kompyuta ya Unix, iliyoanza katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969. Katika mifumo hiyo kulikuwa na mtumiaji mmoja mwenye mamlaka yote, aliyeitwa kwa neno lenye maana ya mzizi. Watumiaji wengine waliweza kuandika na kusoma mafaili yao tu. Yeye aliweza kugusa kila kitu, hata kuufuta mfumo mzima.

Android imejengwa juu ya Linux, na Linux ilifuata nyayo za Unix. Kwa hiyo ndani ya simu yako yumo mwenye mamlaka yote, ila si wewe. Mtengenezaji amekupa chumba ukae, nawe ni mpangaji: unaweza kupanga viti na kubadili pazia, lakini huwezi kuvunja ukuta. Kuruti ni kujipatia ufunguo wa nyumba nzima.

Mwenye ufunguo huo anaweza kuondoa programu alizozikuta kwenye simu na asizozitaka, kuzuia matangazo katika simu nzima, au kuchukua nakala kamili ya kila kilichomo. Lakini programu yoyote atakayoiruhusu inapata ufunguo huo huo. Ikiwa ni ya mwizi, mwizi hahitaji tena kubomoa mlango.

Je, nikiruti napata Android mpya?

Hapana. Hapa ndipo yule mwanafunzi alipokosea, na si yeye peke yake. Yako mambo matatu.

La kwanza ni kufungua kufuli la butiloda. Butiloda ni programu ndogo inayoamka kabla ya zote unapowasha simu. Ndiyo inayokagua kama mfumo unaotaka kuwaka ni ule ulioidhinishwa na kiwanda. Ikiwa imefungwa, haikubali mfumo mwingine.

La pili ni kuruti kwenyewe, yaani kuuachia mfumo ule ule uliopo lakini ukajipa mamlaka yote juu yake. Zamani vijana walitumia matundu ya usalama yaliyokuwamo ndani ya Android. Siku hizi njia inayotumika zaidi ni Magisk, programu iliyoanzishwa mwaka 2016 na John Wu. Hiyo hurekebisha faili la kuwashia simu na kuiacha sehemu ya mfumo kama ilivyo.

La tatu ni kubadili romu, yaani kuuondoa mfumo wa kiwandani na kuweka mwingine uliotengenezwa na watu wa nje. Hili ndilo linaloweza kukuletea Android mpya. Romu iliyopata umaarufu zaidi ilikuwa CyanogenMod, iliyoanzishwa na Steve Kondik mwaka 2009, mwaka mmoja tu baada ya simu ya kwanza ya Android kuingia sokoni. Kampuni iliyoundwa kuiendeleza ilifunga huduma zake mwishoni mwa mwaka 2016, na waliokuwa wakiipenda wakaanzisha LineageOS, ambayo ipo hadi leo na hutolewa bure.

Mtu anaweza kubadili romu bila kuruti, na anaweza kuruti bila kubadili romu. Karibu katika hali zote mbili, kufuli la butiloda lazima lifunguliwe kwanza.

Ongeza hapo utata wa lugha. Mafundi wengi wa kanda yetu huita kazi hizi zote "kuflashi". Ukimwambia Mkenya umemflashi, atadhani ulimpigia ukakata kabla hajapokea. Ukimwambia fundi aiflashi simu yako, anaweza kuelewa aiwekee mfumo wake wa kiwandani upya, au aiwekee romu, au aondoe kufuli. Mwambie unataka matokeo gani, usimtajie jina la kazi.

Simu yangu inaweza kuwekewa romu?

Usitazame jina la kampuni peke yake. Tazama namba ya modeli. Ipo kwenye Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu, na mara nyingi imeandikwa pia chini ya betri. Simu mbili zinazoitwa kwa jina moja dukani zinaweza kuwa na chipu tofauti ndani, na romu ya moja ikaiua nyingine.

Mimi ni shahidi. Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilipakua faili la modeli iliyofanana na yangu kwa kila kitu isipokuwa herufi moja ya mwisho. Niliiona herufi hiyo nikaipuuza. Simu ilizima na haikuwaka tena. Nilikaa miezi minne nikiazima simu za wenzangu kuwapigia wazazi.

Halafu kuna suala la msimbo. Anayetengeneza romu anahitaji kujua jinsi mfumo unavyozungumza na kamera, spika na antena ya simu husika. Leseni ya Linux inamtaka mtengenezaji anayesambaza mfumo huo atoe msimbo wa kiini chake hadharani. Wapo wanaotii, wapo wanaochelewa, na wapo wasiotoa kabisa. Ndiyo maana orodha ya simu zinazokubaliwa na LineageOS imejaa Google Pixel, Xiaomi, OnePlus, Motorola na baadhi ya Samsung, huku Tecno, Itel na Infinix, ambazo ndizo zimeenea mikononi mwetu, zikiwa ngumu kupatiwa romu ya kuaminika.

Tangu Android 8.0 ya mwaka 2017, Google ilitenganisha sehemu ya mfumo na sehemu ya vifaa vya mtengenezaji, na hivyo kukawa na romu za jumla zinazoweza kuwaka katika simu nyingi. Kuwaka si kufanya kazi vizuri, hata hivyo. Unaweza kupata Android mpya ukakosa kamera, au spika ikabaki na sauti ya mbu.

Tatu, uliza kama kufuli lenyewe linafunguka. Huawei iliacha kutoa namba za kufungulia butiloda mwaka 2018. Xiaomi humtaka mmiliki awe na akaunti na asubiri kabla ya kuruhusiwa. Simu nyingi za Samsung zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina hata hicho kitufe cha kuruhusu. Kwa hiyo ukiletewa zawadi na ndugu aliyeko Marekani, usijipe matumaini kabla ya kuchunguza.

Uchunguzi wa kwanza ni rahisi, na hauharibu kitu. Katika Kuhusu simu, bonyeza Nambari ya muundo mara saba mfululizo. Itafunguka sehemu mpya ya Mipangilio iitwayo Chaguo za wasanidi programu. Humo tafuta kitufe cha kuruhusu kufungua OEM. Kikiwapo na kinakubali kuguswa, una pa kuanzia. Kama hakipo, au kimefifia, huenda safari yako ikaishia hapo.

Nitapoteza nini?

Cha kwanza ni kila kilichomo ndani. Katika simu nyingi, kufungua kufuli la butiloda hufuta picha, ujumbe na mafaili yote. Google iliweka hivyo kwa makusudi: mtu akikuibia simu asiweze kufungua kufuli hilo na kusoma mambo yako. Ulinzi huo haujui kutofautisha mwizi na mwenye mali, kwa hiyo nawe unafutiwa.

Cha pili ni dhamana ya kiwandani, ikiwa bado ipo. Katika simu za Samsung kuna alama ya Knox inayoungua mara moja mfumo wa nje ukiingia, na haiwezi kurudishwa hata ukiirejesha simu kwenye mfumo wake wa awali. Kabrasha Salama la Samsung halitafanya kazi tena kwenye simu hiyo.

Cha tatu ni programu za benki. Benki nyingi hutumia ukaguzi wa Google unaoulizia kama simu bado iko katika hali iliyoidhinishwa. Jibu likiwa hapana, programu inakataa kufunguka. Vijana wana mbinu za kuudanganya ukaguzi huo, lakini Google nayo hubadilisha ukaguzi wake kila mara. Programu inayofunguka leo inaweza kukukatalia wiki ijayo, ukiwa safarini na huna njia nyingine ya kufikia fedha zako.

Hapa mama yule aliingilia kwa wasiwasi. "Na Lumicash yangu je?"

Fundi alimtuliza. Huduma za fedha kwa simu zinazopigwa kwa namba fupi yenye nyota na reli hupita kwenye laini na mtandao wa kampuni, si kwenye programu ya Android. Ndiyo maana zinafanya kazi hata kwenye simu ya vitufe. Haziulizi kama simu imerutiwa. Hatari yake iko kwingine: ukiwa na programu mbovu yenye mamlaka yote, inaweza kusoma ujumbe mfupi wa uthibitisho unaoingia, na kuona unachoandika.

Kuna programu inayoruti kwa kubofya mara moja. Niitumie?

Kijana wa pili aliyekuja kibandani alikuwa nayo tayari, ametumiwa na rafiki yake kwa Bluetooth. Fundi alimshauri aifute, na sababu aliyompa ni ya msingi. Programu za aina hiyo zilifanya kazi zamani kwa kupenya kwenye matundu ya usalama ya Android za wakati ule. Mengi ya matundu hayo yamezibwa. Programu iliyobaki mkononi mwa rafiki ya rafiki haina tena uwezo inaoutangaza, na hakuna anayejua nani ameichokonoa njiani. Wewe unaipa ufunguo wa nyumba kabla hujaiuliza jina.

Huu si uchuro. Mwezi Agosti 2020 kampuni ya usalama wa simu ya Upstream ilitangaza kwamba iligundua programu hasidi za Triada na xHelper ndani ya simu za Tecno W2 zilizouzwa Afrika, zikiwajiunga watumiaji kwenye huduma za kulipia bila wao kujua. Ilisema ilizuia miamala ya kutiliwa shaka milioni 19.2 kutoka kwenye simu zaidi ya 200,000, nyingi zikiwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini. Transsion, kampuni ya Kichina inayomiliki Tecno, ilisema tatizo lilitoka kwa mshirika katika mnyororo wa ugavi na kwamba ilikuwa imetoa marekebisho.

Kisa hicho kina mafunzo mawili. Kwanza, programu hasidi ikishaingia kwenye sehemu ya mfumo, kufomati simu kwa njia ya kawaida hakuiondoi, kwa sababu kufomati hufuta vitu vyako na kuuacha mfumo. Dawa yake ni kuweka mfumo safi upya. Pili, kama uchafu unaweza kupenyezwa hata kabla simu haijatoka kwenye boksi, itakuwaje kwa faili ulilopewa na mtu usiyemjua? Faili la romu lipakuliwe kutoka kwa waliolitengeneza, na alama yake ya uthibitisho ilinganishwe na ile waliyoitangaza. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, lifute.

Ninahitaji nini kabla ya kuanza?

Orodha ya fundi ilikuwa fupi, na aliisema huku akihesabu kwa vidole.

Nakala ya vitu vyako vyote, iliyowekwa nje ya simu, kwenye kadi ya memori au kompyuta. Na si kuiweka tu, bali kuifungua na kuhakikisha inafunguka.

Mfumo wa kiwandani wa modeli yako, uliopakuliwa kabla hujagusa chochote. Huo ndio mtumbwi wa kurudia ukikwama katikati ya ziwa.

Kompyuta na kebo nzima. Kebo nyingi za bei nafuu huchaji tu, hazipitishi mafaili, na nyingine hukatika kwa kuguswa. Simu ikikatika kebo wakati mfumo unaandikwa, inaweza isiwake tena.

Chaji ya kutosha. Kwenye simu iwe zaidi ya nusu, na kompyuta iwe na betri inayoshika. Huku kwetu umeme haupigi hodi unapoondoka, na kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba ni kamari.

Bando. Romu moja na programu za Google zinazofuatana nayo huweza kuzidi gigabaiti moja. Upakuaji ukikatika ukalitumia faili hivyo hivyo, unajitafutia maafa.

Na muda wa kusoma. Maelekezo mengi yameandikwa kwa Kiingereza. Kijana wa Burundi anayesoma kwa Kifaransa, ingawa Kiingereza kilifanywa lugha rasmi nchini mwake mwaka 2014, mara nyingi huyafuata kwa kukisia. Mwenzake wa Kigoma naye hukisia kwa njia yake, na wa Uvira vilevile. Wote watatu wanaelewana kwa Kiswahili. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, Kongo tangu 2022, na simu zenyewe zina Kiswahili ndani ya Mipangilio. Lakini maelezo ya hatua kwa hatua, yale ambayo neno moja likikosewa simu inakufa, bado ni machache mno katika lugha hii ya ziwa letu.

Sheria inasemaje?

Kuibadili simu yako mwenyewe si wizi. Nchini Marekani suala hilo lilifika hadi kwa wasimamizi wa hakimiliki, na mwaka 2010 wakaruhusu wenye simu kuondoa vizuizi vya programu. Lakini kuna mistari miwili ambayo fundi mwaminifu haivuki.

Mstari wa kwanza ni IMEI, ile namba ya utambulisho yenye tarakimu 15 unayoiona ukibonyeza *#06#. Kuflashi vibaya, hasa kwenye simu zenye chipu za MediaTek, kunaweza kuifuta, na simu ikabaki bila mtandao. Wapo wanaojitolea kuandika nyingine yoyote. Usikubali. Nchini Tanzania kubadili namba hiyo ni kosa chini ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010. Kenya ilianza kuzima simu bandia kwenye mitandao mwezi Oktoba 2012, na Tanzania ilifanya hivyo tarehe 16 Juni 2016. Mfanyabiashara anayevuka kwenda Kigoma na simu yenye namba ya kubuni anaweza kuikuta imenyamaza upande wa pili wa mpaka. Ndiyo maana fundi wa Bugarama huchukua nakala ya sehemu inayohifadhi namba hiyo kabla ya jambo lolote.

Mstari wa pili ni kufuli la akaunti ya Google. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofutwa kwa nguvu huomba akaunti iliyokuwamo awali. Kila wiki, fundi alisema, huja mtu na simu ya aina hiyo akitaka iondolewe kufuli. Yeye huuliza risiti au boksi. "Asiye navyo namwambia arudi na aliyemuuzia," alisema. "Wengi hawarudi."

Simu ya mama iliishia wapi?

Jua lilipoanza kushuka upande wa Kongo, fundi aliichukua simu ile. Alisoma namba ya modeli, akatazama mfumo: Android 4.4, toleo la mwaka 2013. WhatsApp haiukubali tena mfumo huo. Kumbukumbu ya kuendeshea ilikuwa nusu gigabaiti. Alitafuta romu ya modeli hiyo, akakuta moja tu, iliyowekwa na mtu asiyejulikana, yenye maoni ya watu wawili waliolalamika kwamba simu zao zimekufa.

"Mama, hii siiflashi," alisema. "Nikiiflashi nitakula pesa yako, na huenda nikakuua mzee mara ya pili."

Mwanafunzi alikunja uso. Fundi akamwita asogee. Alichomeka kebo, akafungua kabrasha la WhatsApp kwenye hifadhi ya simu, kisha la vyombo vya habari, kisha la ujumbe wa sauti. Mafaili yalikuwa humo, yamepangwa kwa tarehe. WhatsApp ilikuwa imefunga mlango wake, lakini sauti zenyewe hazikuwa zimefungiwa ndani. Hata kuruti hakukuhitajika. Laiti kufuli la butiloda lingefunguliwa mchana ule kama kijana alivyotaka, zote zingefutika.

Alizinakili pamoja na picha za daftari, akaziweka kwenye kadi ya memori, akaichomeka kadi hiyo kwenye simu ya mwanafunzi kujaribu. Sauti ya mwanamume ikasikika, na nyuma yake honi za magari. Alikuwa anauliza kama magunia ya ndagala yamefika salama, na kusema bei ya leo si mbaya.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema kitu. Akamwomba kijana airudie, kisha akamuuliza fundi anamdai kiasi gani.

Fundi alichukua gharama ya kadi tu na akampa ushauri wa bure wa sokoni: akinunua mtumba mwingine, asiangalie ukubwa wa kioo wala wingi wa kamera. Afungue Mipangilio, aingie Kuhusu simu, asome toleo la Android na tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Simu ndogo yenye mfumo wa karibuni itamfaa kuliko kubwa yenye mfumo wa zamani. Na laini aisajili kwa namba ile ile, ili dada yake wa Kigoma asimpoteze.

Mwanafunzi alibaki nyuma. Alikuwa na simu yake ya pili, Xiaomi iliyopasuka kioo, haina kitu ndani, modeli yake imo kwenye orodha ya LineageOS. Akamuuliza fundi kama anaweza kujifunzia hiyo.

"Hiyo sawa," fundi alimjibu, akimsogezea kiti. "Nisomee namba ya modeli. Yote, mpaka herufi ya mwisho."